Seva moja, gigabiti 800 kwa sekunde: hii ni kazi ya mfumo endeshi au ni vyuma tu?

#1 Mchanga_wa_Keko
Wakuu habari. Jana kazini tumebishana mpaka chai ikapoa, nikasema nilete huku.

Wahandisi wa Netflix walisimama kwenye mkutano wa EuroBSDcon mwaka 2021 wakaonyesha seva MOJA inayotoa video kwa kasi ya karibu 400. Mwaka uliofuata wakarudi na hadithi ya 800. Gigabaiti 800 kwa sekunde kutoka sanduku moja! Video ya HD kwao inahitaji kama megabiti 5, kwa hiyo boksi moja linaweza kulisha watazamaji laki moja na nusu na chenji.

Hoja yangu: siri ni mfumo endeshi. Wanatumia FreeBSD. Prosesa za AMD kila mwenye hela ananunua, kadi za mtandao za Mellanox kila mwenye hela ananunua. Mbona sisi wengine hatufiki? Kazini kwetu kuna seva ya video za mafunzo, kadi ya gigabiti 10, haijawahi kuvuka 3. Mwenzangu anasema nikiipa vyuma vya Netflix na Linux ileile itaruka tu.

Wajuzi mje.

#2 Kigoda_cha_Mbele
Naweka kigoda hapa. Karanga zipo.

#3 Root_wa_Mtaa
Mkuu Keko, kabla hatujafika mbali: gigaBITI 800, siyo gigabaiti. Gawanya kwa 8 upate gigabaiti 100 kwa sekunde. Laki moja na nusu yako iko sawa kwa sababu hesabu umefanya kwa biti, ila maandishi umeandika chai.

#4 Mla_Urojo
Netflix wako AWS (seva za kukodi za Amazon) tangu zamani na AWS ni Linux. Uzi ufungwe, tukalale.

#5 Bi_Terminali
@Mla_Urojo usilale bado kaka. AWS wanatumia kwa kuingia kwenye akaunti, kutafuta filamu, mapendekezo na malipo. Ukibonyeza "cheza", video yenyewe haitoki AWS. Inatoka kwenye masanduku yao wanayoita Open Connect, waliyoyatangaza 2012. Hayo ndiyo yana FreeBSD na nginx, programu ya kuwatolea wateja faili. Kampuni ya intaneti yenye watazamaji wa kutosha inapewa sanduku bure, inalifunga kwenye chumba chake cha mitambo, na usiku watu wakipungua sanduku linajazwa filamu zinazotegemewa kuangaliwa kesho. Ndiyo maana filamu yako haivuki bahari kila unapoiangalia.

#6 Mla_Urojo
Haya, nimekaa. Kumbe.

#7 Wakala_wa_Bandarini
Mimi siyo mtu wa IT kwa cheti, ni mtoa mizigo, ila hii mada naipenda kwa sababu ni bandari tupu. Ngoja niieleze kwa lugha yangu, wajuzi mtanirekebisha.

Filamu iko kwenye diski. Hiyo ni meli. Mteja yuko nje ya geti, lori ni kadi ya mtandao. Katikati kuna yadi, yaani memori. Zamani mzigo ulitoka melini ukaenda yadini, lori likaja likabeba. Safari mbili: kuingia yadini na kutoka.

Halafu mwaka 2015 wakasema kila kontena lazima lipigwe lakiri kabla ya kutoka, yaani TLS, ile kufuli ya kwenye kivinjari. Lakiri inapigwa na prosesa. Sasa angalia: mzigo unatoka melini kwenda yadini (1). Prosesa inauchukua kutoka yadini kuupiga lakiri (2). Inaurudisha yadini (3). Lori linaubeba (4). Mzigo uleule, yadi imepitiwa mara nne.

Fanya hesabu. Gigabiti 400 ni gigabaiti 50 kwa sekunde. Mara nne ni 200. Mashine waliyoionyesha 2021 ilikuwa na prosesa moja ya AMD ya kori 32 (yaani vibarua 32 ndani yake), na njia ya memori yake kwa vitendo inapitisha kama gigabaiti 150. Kwa hiyo hata ungeweka mfumo endeshi ulioandikwa na malaika, 400 haitoki. Na kweli walikwama kwenye 240.

Walichofanya ni kuhamisha mpiga lakiri. Kadi ya mtandao yenyewe, ConnectX-6 Dx, inapiga lakiri mzigo ukiwa getini. Safari zikarudi mbili, gigabaiti 100 badala ya 200. Wakafika 380.

Kwa hiyo @Mchanga_wa_Keko, jibu langu: siyo FreeBSD wala siyo vyuma. Ni kuhesabu mzigo unashikwa mara ngapi.

#8 Kigoda_cha_Mbele
Na tozo ya kukaa bandarini je mkuu? 😂

#9 Wakala_wa_Bandarini
Hiyo ndiyo bafa mkuu, memori ya kusubiria. Mzigo ukikaa sana yadini kila mtu analia.

#10 Buda_wa_Bakendi
Niaje wasee, salamu kutoka Nairobi. Huyu wa bandari amemaliza kesi bila kujua. 240 mpaka 380 imeletwa na nini? KADI. Hiyo ni chuma bana. Na kusimba (hiyo lakiri) ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, Linux ilikuwa nayo toka toleo la 4.13, mwaka 2017, imeandikwa na mtu wa Facebook. FreeBSD waliitoa rasmi kwenye 13.0, Aprili 2021. Miaka minne nyuma. Sasa hiyo "siri ya FreeBSD" iko wapi?

#11 Bi_Terminali
@Buda_wa_Bakendi tarehe zako ni sahihi ila umesoma lebo ya chupa tu. Netflix waliwasilisha utafiti wa kuweka TLS ndani ya kerneli ya FreeBSD mwaka 2015, wakawa wanaitumia kwenye mitambo yao miaka kadhaa kabla ya kuirudisha kwenye mradi mkuu 2019. Tuseme wazo lilikuwa jikoni kwao kabla ya wengine hawajawasha moto.

Na kadi peke yake haitoshi. Lazima mfumo uliopo juu yake ujue kuikabidhi ufunguo. Salamu za mwanzo za TLS zinafanywa na programu ya kawaida, nginx na OpenSSL. Wakishakubaliana ufunguo, nginx inaukabidhi kwa kerneli, kerneli inaukabidhi kwa kadi. Baada ya hapo nginx inasema tu "peleka faili hili kwa mteja huyu" na kugeukia mwingine. Hiyo mikono mitatu kupeana ufunguo bila kuudondosha ndiyo kazi ya mfumo endeshi.

#12 Kerneli_Mbichi
Dada Bi_Terminali umegusa kitovu: "peleka faili hili". Wengi hapa wanarukia TLS wakati msingi ni sendfile, amri ya kuiambia kerneli itume faili yenyewe.

Programu ya kawaida husoma faili kipande kwa kipande kuingiza kwenye memori yake, kisha inakiandika kwenye soketi, mlango wa kwenda mtandaoni. Kila kipande kinanakiliwa kutoka kerneli kwenda kwa programu, kisha kutoka kwa programu kurudi kerneli. Programu haikifanyii lolote, inakishika tu kama mpokea zawadi harusini. sendfile inaondoa huyo mpokeaji. FreeBSD iko nayo toka 3.0, Linux toka 2.2, kwa hiyo hapo hakuna wa kujivuna.

Tofauti iko 2016. nginx ni mfanyakazi mmoja anayehudumia maelfu ya wateja kwa zamu. Akiita sendfile na kipande hakipo kwenye memori, anasimama kusubiri diski. Akisimama yeye, maelfu wote wamesimama. Watu wakajaribu kuweka nyuzi nyingi (nyuzi za kompyuta, siyo hizi za kubishana), zinakula muda wa prosesa. Nginx na Netflix wakakaa pamoja wakaiandika upya sendfile ya FreeBSD: inaita diski, inaweka nafasi tupu kwenye soketi, inarudi papo hapo. Diski ikimaliza, data inajaza nafasi yake na kuondoka yenyewe. nginx hajui hata kama kulikuwa na kusubiri. Ilitoka na FreeBSD 11.

Hiyo haikuhitaji kadi mpya wala prosesa mpya. Chuma kilekile, mwendo tofauti. Kwa hiyo mimi niko upande wa Keko.

#13 Mchanga_wa_Keko
Asante @Kerneli_Mbichi. Nimehifadhi hii nimtumie mwenzangu.

#14 Mgeni_wa_Jana
Swali la kijinga. Hizi filamu si zimeshafungwa na DRM? Kwa nini wazisimbe mara ya pili na kujitesa hivyo?

#15 Bi_Terminali
Siyo la kijinga. DRM inalinda filamu isiibiwe. TLS inakulinda wewe, aliye njiani asijue unaangalia nini. Kufuli mbili za watu wawili tofauti.

#16 Mla_Urojo
Yaani gigabaiti 100 zimepotea ili jirani asijue naangalia tamthilia za Kikorea. Nawashukuru sana.

#17 Wakala_wa_Bandarini
Ninarudi na pantoni.

Kabla ya mashine ya prosesa moja walikuwa na za prosesa mbili, na humo kuna kitu kinaitwa NUMA. Kila prosesa ina yadi yake. Fikiria yadi moja iko Magogoni na nyingine Kigamboni, katikati pantoni. Filamu ikisomwa kwenye diski iliyoko Kigamboni, ikawekwa yadi ya Magogoni, ikapigwa lakiri Kigamboni, ikatoka kwa kadi ya Magogoni, mzigo mmoja umepanda pantoni mara tatu. Pantoni ikijaa, prosesa zote zinaonekana ziko bize kumbe ziko kwenye foleni.

2019 walieleza walivyopanga upya: mteja akiingia kupitia kadi ya Magogoni, ahudumiwe na nginx ya Magogoni, memori ya Magogoni, atoke kwa kadi ileile. Filamu iliyoko diski ya Kigamboni itapanda pantoni mara moja tu. Mashine ya Intel ikatoka 105 kwenda 191. Hawakuongeza hata skrubu.

#18 Buda_wa_Bakendi
Sasa wakala umebadilisha timu? Kwenye #7 ulisema siyo mfumo endeshi.

#19 Wakala_wa_Bandarini
Wakala hana timu buda, ana mteja.

#20 Mchanga_wa_Keko
😂😂 Ila mbona hamnisaidii seva yangu? Narudia: kadi ya 10, inagoma kwenye 3. Linux, nginx mbele, nyuma PHP (programu ya tovuti) inayoangalia kama mwanafunzi amelipia somo kisha inamtolea video. Prosesa kwa jumla inaonyesha asilimia 20 tu, kwa hiyo siyo prosesa.

#21 Root_wa_Mtaa
"Kwa jumla" ndiyo inayokudanganya. Fungua top (programu ya kuonyesha kazi za prosesa), bonyeza 1, uone kila kori peke yake. Nakuwekea soda: kori moja iko 100 na nyingine zimelala. Kadi ikileta pakiti (kipande cha data) inaigutua prosesa, na kama foleni zote za kadi zimeelekezwa kwenye kori namba 0, hiyo kori ndiyo dari yako. Mimi ilinipata nikahangaika wiki nzima nikilaumu nyaya.

#22 Mzaramo_wa_Muscat
Assalam aleikum. Neno "PHP inamtolea video" limenishtua. Mimi niko Muscat, nilikabidhiwa mtambo wa mihadhara ya video uliojengwa hivyohivyo. Tazama safari ya faili moja: PHP inaisoma kutoka diski, inaimwagia nginx kupitia soketi. Mteja simu yake ni ya polepole, nginx haina pa kuziweka, bafa zikijaa inaanza KUIANDIKA VIDEO DISKINI TENA kama faili la muda. Kisha inaisoma upya kumpelekea mteja. Wakala naomba ahesabu hiyo ni mara ngapi yadini.

Dawa: PHP ikague malipo tu, kisha irudishe kichwa cha X-Accel-Redirect chenye njia ya faili. nginx inaichukua na kuitoa yenyewe. Mistari minne. Kwetu mashine iliacha kulia siku hiyohiyo. Na hakikisha gzip, ya kubana data, haigusi video, maana ikigusa, sendfile inakufa kimyakimya.

#23 Wakala_wa_Bandarini
Sheikh, hiyo siyo yadi tena. Hapo meli imeshusha mzigo, imeupandisha, imeushusha tena. Mwenye mali amefariki akisubiri.

#24 Kerneli_Mbichi
Nyongeza: kama una https na nginx yako haijawezeshwa kTLS (TLS ndani ya kerneli), sendfile pia haifanyi kazi, data inapanda kwa programu ikasimbwe huko. Kwa gigabiti 10 siyo kilio, prosesa za leo zinasimba haraka. Na ukiwa kwenye mashine pepe yenye folda ya kushirikiana na kompyuta mama, zima sendfile kabisa. Mimi nilibadilisha faili mara kumi, kivinjari kikaendelea kuonyesha la zamani, nikadhani nimerogwa.

#25 Kamba_ya_Nailoni
Nimesoma wote, naona mnashangilia kadi kupiga lakiri bila kutaja inapochoka. Mimi niko upande wa mitandao ya simu, nieleze.

Kadi inasimba kwa mafungu, fungu la TLS linaweza kufika kilobaiti 16, linagawanyika kuwa pakiti nyingi. Pakiti ya katikati ikipotea njiani, lazima irudiwe. Kadi haikumbuki ilikuwa wapi kwenye hesabu za usimbaji, kwa hiyo inabidi ivute tena mwanzo wa fungu kutoka memorini ili ifike pale katikati. Mtu wa nyaya za faiba hapotezi pakiti, hamna neno. Mtu aliye ndani ya basi kati ya Chalinze na Morogoro, mnara unakuja unaondoka, huyo ni mzigo.

Ndiyo maana kerneli ya FreeBSD ina kipimo: muunganisho ukirudia data kupita kiwango fulani (chaguo la msingi ni asilimia 2), unanyang'anywa kadi unarudishwa kusimbwa na prosesa. Kwa hiyo faida ya kadi ni kubwa kwa wateja wenye mtandao mzuri. Na ndiyo maana wanahangaika pia na TCP yenyewe, kanuni za kutuma pakiti na kuzirudia zikipotea: Randall Stewart wa Netflix aliingiza RACK kwenye FreeBSD mwaka 2018, inayotambua mapema pakiti iliyopotea, na kutoa pakiti kwa mpangilio badala ya kumwaga zote kwa mkupuo. Mimi kwa kura yangu, siri ni TCP.

#26 Mpinzani_Mstaarabu
Samahanini, mimi naona wote mnasifia mpishi kwa kuchemsha yai.

Kazi ya Netflix kwa seva ni RAHISI. Faili zimeshakatwa na kutengenezwa kwa kila ubora kabla hazijafika kwenye sanduku. Hakuna kubadilisha umbo palepale. Hakuna hifadhidata. Wanajua jioni watu wataangalia nini. Ni kusoma faili na kulituma, basi. Mtihani ni mechi laivu: kila sekunde vipande vipya, wote wanataka kipande kilekile kwa wakati mmoja.

#27 Kerneli_Mbichi
@Mpinzani_Mstaarabu kwa seva mechi ni rahisi zaidi! Wote wakitaka kipande kimoja, kiko kwenye memori tayari, diski imepumzika. Kinachoua seva ya Netflix ni wingi wa filamu, kila mtu na yake, memori ya gigabaiti 256 haibebi zote, kwa hiyo karibu kila kitu kinatoka diski. Ugumu wa laivu uko kwingine: kugawa wateja, kuchelewa, watu kuingia wote dakika moja.

#28 Mpinzani_Mstaarabu
Basi tumekubaliana kuwa ugumu uko kwingine 😏

#29 Mwanafunzi_wa_Mlimani
Naomba nichafue hewa. Kuna utafiti wa 2017 wa watu wa Cambridge na UCL wakiwa na huyohuyo Stewart wa Netflix. Walijenga mfumo wanauita Atlas, ukaruka kerneli karibu yote. Hoja yao: tatizo ni yadi yenyewe. Prosesa za Intel zinaruhusu diski kumimina data moja kwa moja kwenye kache, memori ndogo iliyo ndani ya prosesa. Ukiomba data kutoka diski pale tu TCP inapokuwa tayari kutuma, unaisimba ikiwa bado kwenye kache na inaondoka kabla haijamwagikia memorini. Kwa maneno ya Wakala: meli ifunge gati, lori liwe limeshafika, hamna yadi.

Sasa kama hilo ni kweli, basi kerneli zote mbili, Linux na FreeBSD, zimejengwa juu ya dhana ya zamani kuwa diski ni polepole na memori ni haraka.

#30 Bi_Terminali
Nzuri hiyo, ila angalia waliofuata njia gani. Mpaka leo wako na sendfile, nginx na kerneli. Ukiruka kerneli unaandika upya TCP, mfumo wa faili, zana za kuchunguza hitilafu, kila kitu, na usiku wa manane ikivunjika unaamka wewe.

Mimi nadhani mnasahau watu. Netflix wanafuata tawi la maendeleo la FreeBSD lenyewe, hawasubiri toleo. Wanarudisha mabadiliko yao kwenye mradi, wana waandishi wa kerneli kwenye mshahara. Ungewapa Linux watu walewale kwa miaka kumi, huenda tungekuwa tunabishana kinyume.

#31 Buda_wa_Bakendi
Hapo nakubali dada. Hapo tu. Na msisahau wenzao wa YouTube wamehamia QUIC, njia nyingine ya kusafirisha data, juu ya UDP badala ya TCP, na huko hizo sendfile na kTLS zenu hazipo. Video zinafika.

#32 Kamba_ya_Nailoni
Zinafika kwa bei gani ya prosesa, hilo ndilo swali.

#33 Kigoda_cha_Mbele
WhatsApp nao si walikuwa FreeBSD? Niliwahi kusoma miunganisho milioni 2 kwenye seva moja, 2012.

#34 Root_wa_Mtaa
Kweli, na Erlang (lugha ya kuandikia programu) juu yake. Baada ya kununuliwa na Facebook wakahamishiwa Linux, na meseji za ukoo zinaendelea kuingia kama kawaida. Chukua hiyo upeleke upande wowote unaotaka.

#35 Mla_Urojo
PS4 nayo ni FreeBSD ndani. Kumbe mimi mtaalamu miaka yote nacheza FIFA.

#36 Mgeni_wa_Jana
Kwa hiyo niweke FreeBSD kwenye laptopu yangu itakuwa na kasi?

#37 Root_wa_Mtaa
Weka. Ukifanikiwa kuwasha wifi njoo utusimulie.

#38 Mchanga_wa_Keko
Wakuu mrejesho. @Root_wa_Mtaa soda umeshinda: kori namba 0 ilikuwa 100, zingine usingizi. Nimegawa foleni za kadi, ikapanda kutoka 3 hadi 4 na kidogo. Kisha nimefuata ya sheikh wa Muscat, PHP ikague tu, nginx itoe. Jana saa mbili usiku, wanafunzi wote ndani, imegonga 6.8. Linux ileile, vyuma vilevile.

Mwenzangu anasema hilo linathibitisha hoja YAKE, kwamba Linux haikuwa na tatizo. Mimi nasema linathibitisha YANGU. Tumeagiza chai nyingine.

Sasa hiyo 3.2 iliyobaki iko wapi?

#39 Kerneli_Mbichi
Angalia muda wa kusubiri diski. Diski zako ni za aina gani?

#40 Mchanga_wa_Keko
Za kuzunguka. Sita.

#41 Kerneli_Mbichi
Mkuu.

#42 Wakala_wa_Bandarini
Meli ya makasia hiyo 😂😂😂